Mtoto kazaliwa na mfupa pungufu: jinsi ya kumpata daktari bingwa anayeijua hali yake

"Daktari gani mzuri?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi huja na picha moja tu ya mguu, imepigwa kitandani, taa hafifu, bila neno lingine. Siwezi kulijibu hivyo, wala sidhani yupo awezaye. Binti yangu alizaliwa bila fibula ya mguu wa kulia, yaani ule mfupa mwembamba unaokaa nje ya muundi. Tulizunguka miaka miwili na madaktari watano ndipo tukampata anayeifahamu hali hiyo. Katika wale watano hakuna aliyekuwa daktari mbaya. Wanne walikuwa hawajapata kuiona kabla yake, na ni mmoja tu kati ya hao wanne aliyekubali kutuambia hivyo waziwazi. Huyo ndiye aliyetusaidia.

Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini. Mguu kifundo, ule wa unyayo uliogeukia ndani, humpata takriban mtoto 1 katika kila 1,000, kwa hiyo hakuna daktari wa mifupa ambaye hajauona. Kuzaliwa bila muundi humpata takriban mtoto 1 katika kila milioni moja. Daktari anaweza kuanza kazi, akawa bingwa, akastaafu, asikutane na mtoto wa namna hiyo hata mmoja. Kwa hiyo kazi yako si kumtafuta daktari mwenye sifa kubwa. Unamtafuta ambaye watoto kama wako si wageni kwake.

Mimi ni mzazi, si daktari. Ninayoandika hapa ni njia ya kumfikia daktari, si matibabu.

Yasiyosubiri mwongozo wowote

Ukiona lolote kati ya haya, mpeleke mtoto hospitali iliyo karibu leo, mengine utayafanya baadaye:

- Alama kama ya uzi uliobana mkono, mguu au kidole, na sehemu iliyo chini yake imevimba, imebadilika rangi au imekuwa baridi.
- Kidonda juu ya mfupa uliopinda, au ngozi iliyonyooka mno hadi inang'aa.
- Mtoto mwenye muundi uliopinda, ambaye ghafla anagoma kukanyaga au analia akiguswa mguu. Huenda mfupa umevunjika.

Mguu kifundo nao hauna dharura ya saa, ila usiuache ukae. Njia ya Ponseti, iliyotengenezwa na Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, hutumia plasta zinazobadilishwa kila wiki, na inafaa ianze wiki za mwanzo za maisha. Kama mwanao ana mguu kifundo peke yake, bila mfupa uliopungua, hutahitaji safari ndefu ninayoieleza hapa. Tafuta kliniki inayotumia Ponseti na uwe mwaminifu kwa viatu vya usiku, vinavyoushika mguu baada ya plasta, mpaka mtoto afike miaka 4 au 5. Wengi ambao mguu wao hugeukia ndani tena ni wale walioacha viatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Faili moja, la karatasi au la kwenye simu, lenye kila kitu: kadi ya kliniki ya ujauzito, ripoti za ultrasaundi, muhtasari wa kuzaliwa, barua za rufaa, majibu ya vipimo.
- Eksirei zote katika mfumo wake wa kidijitali, siyo ripoti peke yake.
- Picha na video ulizopiga mwenyewe (nitaeleza namna).
- Daftari. Simu inazima chaji katikati ya maelezo ya daktari, daftari halizimi.
- Anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya mtoto tu. Utaandikiana na watu wengi, na majibu yakichanganyika na barua nyingine utayapoteza.
- Mtu mzima wa pili wa kwenda naye kliniki. Mmoja anamshika mtoto, mwingine anaandika.

Hatua ya 1: Pata jina kamili la hali

"Ana tatizo la mfupa" si jina. "Mguu mfupi" si jina. Mwombe daktari uliye naye aandike kwa mkono wake mambo manne: ni mfupa gani umepungua au haupo, ni upande gani, umekosekana wote au sehemu, na hali hiyo inaitwaje kitabibu. Mwombe pia msimbo wa ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya magonjwa. Mapungufu ya kuzaliwa ya mkono yako chini ya Q71 na ya mguu chini ya Q72. Kukosa au kupungua kwa fibula, kwa mfano, ni Q72.6. Msimbo huo unasomeka sawa kwa daktari wa nchi yoyote na kwa watu wa bima, hata kama lugha zenu hazikutani.

Liandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ripoti. Herufi moja ikikosewa utajikuta unasoma habari za ugonjwa mwingine kabisa.

Kwa mguu uliopinda chini ya goti, uelekeo wa pindo ni jambo la kwanza bingwa atakalouliza. Mlaze mtoto chali, mtazame kwa mbele, halafu kwa pembeni. Kilele cha pindo kinaelekea wapi?

Kikielekea mbele na nje, bingwa atafikiria muundi ambao ni dhaifu toka kuzaliwa, ambao ukivunjika hukataa kuunga. Takriban nusu ya watoto hawa wana pia nyurofibromatosi aina ya 1, hali ya kijenetiki inayogusa ngozi na neva, kwa hiyo angalia kama ngozi ina madoa ya rangi ya kahawa yenye maziwa. Kikielekea nyuma na ndani, mara nyingi pindo hujinyoosha lenyewe kadiri mtoto anavyokua, ingawa mguu unaweza kubaki mfupi. Kikielekea mbele na ndani, swali linakuwa fibula ipo au haipo.

*Onyo.* Nimetumia maneno mengi hapa kwa sababu kosa lake ni ghali. Pindo la mbele na nje halikatwi ili kunyooshwa kama mfupa wa kawaida. Likikatwa na mtu asiyeijua hali hiyo, mfupa unaweza usiunge tena kwa miaka. Mtoto huyo anahitaji kifaa cha kuulinda mguu kabla hajaanza kutembea, na daktari bingwa kabla ya mtu yeyote kugusa kisu.

Hatua ya 2: Hakikisha tatizo ni la kiungo peke yake

Wazazi wengi wanairuka hatua hii kwa kuwa kinachoonekana ni mkono au mguu. Lakini mifupa, moyo na figo hutengenezwa katika wiki zile zile za mwanzo za mimba, na mkono hasa una tabia ya kutoa taarifa za mambo mengine.

Kama mwanao amekosa radiasi, yaani mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, au kidole gumba chenyewe ni kidogo au hakipo, omba vipimo hivi kabla ya kuzungumzia upasuaji wowote:

- ultrasaundi ya moyo, kwa sababu ya sindromu ya Holt-Oram, inayogusa mkono na moyo pamoja;
- picha kamili ya damu pamoja na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwani ipo hali moja ambayo mtoto hukosa radiasi huku chembe sahani zikiwa chache;
- kipimo cha kuvunjika kwa kromosomu kwa ajili ya anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa uboho. Picha ya damu ya kawaida haitoshi hapa: damu inaweza kuwa nzuri utotoni kisha uboho ukaanza kushindwa miaka baadaye;
- ultrasaundi ya figo na eksirei ya uti wa mgongo, kwa sababu ya mkusanyiko wa hitilafu unaoitwa VACTERL.

Kwa mguu bila fibula, mara nyingi tatizo huishia kwenye mguu wenyewe. Kwa mtoto aliyekosa muundi, au mwenye viungo zaidi ya kimoja vyenye hitilafu, omba rufaa ya daktari wa jenetiki pia. Maswali yenu ya "je, mtoto atakayefuata?" ni yake kuyajibu, wala si ya jirani.

Hatua ya 3: Tengeneza picha zinazosomeka

Hapa ndipo pa kutumia nguvu. Bingwa aliye mbali anaamua ndani ya dakika chache kama akusaidie au la, na anaamua kwa picha.

*Eksirei.* Kwa mtoto anayesimama, omba picha moja ndefu ya miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi vifundo, akiwa amesimama. Chini ya mguu mfupi viwekwe vibao mpaka nyonga mbili zilingane, na magoti yatazame mbele. Urefu wa vibao uandikwe kwenye picha. Siku tuliyokwenda sisi, mpiga picha alitaka kumpiga binti yangu mguu mmoja mmoja kwa sababu "ndiyo kawaida". Nikamwomba kwa upole, akatafuta vibao vitatu vya sentimita moja moja, akavipanga chini ya unyayo, akainama kuangalia kiuno, akasema, "Sasa amenyooka." Sentimita tatu. Namba hiyo ndiyo iliyofungua milango yote iliyofuata. Mtoto mchanga hupigwa amelala, miguu ikivutwa taratibu.

Kwa mkono, picha ichukue kiwiko, kigasha na kiganja pamoja, mikono yote miwili.

Omba nakala katika mfumo wa DICOM, yaani faili halisi la kidijitali la eksirei, kwenye diski au fleshi, na uifungue kabla hujaondoka hospitalini. Tulibeba diski tupu kwa safari ya saa saba, tukaligundua hilo mbele ya daktari. Kama umepewa filamu tu, ibandike kwenye dirisha lenye mwanga, zima fleshi ya kamera, simama wima mbele yake, na hakikisha herufi inayoonyesha kulia au kushoto inaonekana.

*Picha za simu.* Mchana, mbele ya ukuta usio na maua. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, nyayo kwa chini, viganja pande zote mbili. Kisha video mbili: mtoto akitembea kuja kwako na kuondoka, sekunde 15 zinatosha; na nyingine akiinama na kukunja goti, au akishika kikombe kama ni mkono. Acha uso nje ya picha, na usiandike jina la mtoto kwenye jina la faili.

Hatua ya 4: Jua unamtafuta bingwa wa aina gani

"Daktari wa mifupa" ni neno pana mno. Anayebadilisha magoti ya wazee siye unayemtafuta.

Kwa mguu, unamtafuta daktari bingwa wa mifupa ya watoto, na ndani ya hao, anayefanya kazi ya kurefusha na kunyoosha viungo. Kwa mkono, unamtafuta daktari wa upasuaji wa mkono anayeshughulikia mikono ya kuzaliwa nayo, ambaye anaweza kuwa ametokea upande wa mifupa au upande wa upasuaji wa plastiki. Na katika pande zote mbili, usimsahau mtengeneza viungo bandia. Mara nyingi fundi huyu anajua kuliko mtu yeyote ni daktari gani ambaye watoto wake wanatembea vizuri, maana wao hurudi kwake kila mwaka kubadilishiwa kifaa wanapokua. Mimi jina la daktari wetu nililipata kwenye karakana ya viungo bandia, si kwenye ofisi ya daktari.

Hatua ya 5: Kusanya majina matano

Matano yanatosha. Ukikusanya thelathini hutaandikia hata mmoja.

a) *Orphanet.* Ni hazina ya habari za magonjwa adimu, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1997. Ingiza jina la hali, utapata maelezo mafupi, namba ya ORPHA ya hali hiyo na orodha ya vituo vyenye utaalamu. Orodha imeegemea Ulaya zaidi, lakini maelezo yake yanamfaa yeyote. Ulaya pia kuna mtandao wa vituo vya magonjwa adimu ya mifupa uitwao ERN BOND.

b) *PubMed.* Ni hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba. Usiogope. Huhitaji kuielewa makala, unahitaji kuona nani ameiandika. Ingiza jina la kitabibu la hali, chagua makala za miaka ya karibuni, halafu angalia mambo mawili: wameeleza wagonjwa wangapi, na jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi ni la nani. Katika makala za tiba, jina la mwisho mara nyingi ni la mkuu wa kitengo. Makala ya mgonjwa mmoja ina maana daktari amekutana na ajabu. Makala ya wagonjwa arobaini waliofuatiliwa miaka kumi ina maana umewapata watu wako. Barua pepe ya mwandishi wa kuwasiliana naye kwa kawaida imeandikwa pale pale.

c) *Vyama vya madaktari.* POSNA ni cha madaktari wa mifupa ya watoto wa Amerika Kaskazini, EPOS ni cha Ulaya, na LLRS ni cha wanaorefusha na kutengeneza viungo. Uanachama si ushahidi wa ustadi, ila unapunguza msitu.

d) *Vituo vinavyojulikana kwa kazi hii.* Kurgan, Urusi, kuna kituo chenye jina la Gavriil Ilizarov. West Palm Beach, Florida, yupo Dror Paley, daktari wa kurefusha viungo, na taasisi yake. Baltimore kuna kituo cha kurefusha viungo katika Sinai Hospital. Dallas kuna Scottish Rite, na mtandao wa hospitali za Shriners umekuwa ukiwatibu watoto tangu 1922. Sikutajii hawa ili uuze shamba uende. Nakutajia kwa sababu wamewafundisha wengine, na swali zuri la kuwaandikia ni hili: "Je, yupo daktari aliyesoma kwenu anayefanya kazi karibu na sisi?" Swali hilo hujibiwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Na usipime daktari kwa ukubwa wa mji wake. Ilizarov alibuni fremu yake ya duara, ile inayouzunguka mguu kwa nje na kushika mfupa kwa pini, mapema miaka ya 1950, huko Siberia, mbali na Moscow, na kwa miaka mingi nchi za Magharibi hazikuwa na habari naye. Mpanda milima Mwitalia Carlo Mauri, aliyeishi na mguu uliogoma kupona, alimfuata Kurgan mwaka 1980 akapona, na hapo ndipo madaktari wa Italia walipoanza kuuliza maswali.

Hatua ya 6: Andika barua fupi

Barua ndefu yenye machozi haisomwi. Si kwa ukatili. Daktari anaisoma kati ya wagonjwa wawili. Hii hapa ndiyo niliyoituma, nikiwa nimempa mtu aitafsiri kwa lugha ya daktari:

> Mheshimiwa Daktari,
>
> Binti yetu ana miaka 3. Alizaliwa bila fibula ya kulia (Q72.6). Mguu wa kulia ni mfupi kwa sentimita 3. Unyayo una vidole vitatu na umeelekea nje. Goti linakunjika sawa. Moyo na figo vimepimwa na viko salama. Hajafanyiwa upasuaji wowote. Anatembea kwa kiatu kilichoongezwa soli.
>
> Daktari wetu anapendekeza kurefusha mguu. Tunaomba kujua: je, umewatibu watoto wenye hali hii, na ungependekeza nini kwake?
>
> Naambatisha eksirei ya mwezi uliopita, picha sita na video mbili.

Basi. Umri, jina la hali, namba, kilichofanyika, kinachopendekezwa, maswali mawili. Subiri wiki mbili, kisha tuma tena mara moja kwa maneno mawili ya heshima. Usipojibiwa, nenda kwenye jina linalofuata bila kinyongo.

Hatua ya 7: Siku ya kuonana, uliza haya

Yaandike daftarini kabla, uache nafasi ya majibu.

1. Watoto wangapi wenye hali hii hasa umewatibu, na wangapi mwaka uliopita?
2. Tusipofanya chochote, atakuwaje akiwa na miaka 18?
3. Njia zote ni zipi, ikiwemo ile usiyoifanya wewe?
4. Upasuaji mara ngapi, kwa makadirio, hadi atakapoacha kukua?
5. Mambo gani yamewahi kuharibika kwa wagonjwa wako, na ulifanya nini?
6. Naweza kuzungumza na familia moja uliyoitibu miaka mitano au zaidi iliyopita?

Swali la pili lina hesabu ambayo ni vizuri uwe nayo kichwani. Katika miguu mifupi ya kuzaliwa nayo, tofauti huwa inakua pamoja na mtoto kwa uwiano ule ule. Msichana hufikia nusu ya urefu wa miguu yake ya utu uzima karibu na miaka 3, mvulana karibu na miaka 4. Paley na wenzake walichapisha jedwali zima la vizidisho, yaani namba za kuzidishia tofauti ya leo upate ya utu uzima, mwaka 2000. Kwa hiyo sentimita 3 za binti yangu akiwa na miaka 3 ni takriban sentimita 6 akiwa mtu mzima. Daktari akikuambia "ni sentimita tatu tu, ataziba mwenyewe", umeshapata jibu la swali la kwanza.

Swali la tatu ndilo la kupimia. Kwa mguu bila fibula kuna walau njia mbili zinazoheshimika: kuutengeneza unyayo na kuurefusha mguu kwa awamu, au kuuondoa unyayo kwenye kifundo, kubakiza ngozi ngumu ya kisigino, na mtoto kuvaa mguu bandia. Kwa fupa la paja lililo fupi sana ipo hata njia ya kuuzungusha mguu ili kifundo kifanye kazi ya goti ndani ya mguu bandia. Inatisha kuisikia, na watoto wengi hukimbia nayo. Sikuambii uchague ipi. Nakuambia daktari anayekueleza njia moja tu, kana kwamba nyingine haipo, ama hazijui ama anauza aliyo nayo.

Hatua ya 8: Tafuta maoni ya pili kwa mtu wa shule nyingine

Kumwuliza mwanafunzi wa daktari wako wa kwanza si maoni ya pili. Kama wa kwanza ni wa kurefusha, muulize anayefanya kazi na timu ya viungo bandia, au kinyume chake. Mwambie daktari wako kuwa unafanya hivyo. Wa kweli hakasiriki. Wetu alituandikia barua ya kwenda nayo.

Hatua ya 9: Kabla hujasaini, panga miezi ya baada ya upasuaji

Kurefusha mfupa huenda milimita 1 kwa siku, kwa kawaida robo robo mara nne. Sentimita 5 ni siku 50 za kuzungusha, na hapo mfupa mpya bado ni laini. Hesabu takriban mwezi mmoja wa fremu kwa kila sentimita, wakati mwingine zaidi. Muda wote huo kuna kusafisha matundu ya pini, mazoezi tiba ya goti karibu kila siku, na eksirei za mara kwa mara. Goti linaweza kukakamaa au kutoka mahali pake wakati mfupa unarefuka vizuri kabisa.

Kwa hiyo uliza: Nani atakayetuona pini ikiingia usaha saa nne usiku? Mtaalamu wa mazoezi tiba ni nani, na amewahi kumhudumia mtoto mwenye fremu? Fremu itatolewa wapi? Gharama tuliyopewa inajumuisha kuitoa, mazoezi na malazi, au ni upasuaji peke yake? Kama daktari yuko mbali, apatikane wa karibu aliyekubali kwa maandishi kufuatilia. Bila huyo, usisaini.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kukimbilia upasuaji mtoto akiwa na miezi michache ilhali hali yake haihitaji haraka. Na kinyume chake: kukaa miaka mingi kwa matumaini kuwa ataota mfupa. Mfupa ambao haukuumbika hauoti, wala haukandwi ukaota.
- Kulipa "ada ya kumuona profesa" kwa mtu wa kati anayetuma ujumbe. Kituo cha kweli kina ofisi ya wagonjwa inayojibu kwa anwani ya kituo.
- Kuamini anayetoa uhakika wa asilimia mia.
- Kumvua mtoto kifaa au kiatu cha soli "apumzike" hadi umpate bingwa. Mtoto anayetembea sasa atembee sasa.
- Kuchagua matibabu kwa picha za "kabla na baada". Uliza ile ya miaka kumi baada.

Ukikwama

*Daktari hataki kuandika rufaa.* Usibishane kuhusu uwezo wake. Uliza hivi: "Daktari, umewahi kuwatibu watoto wangapi wa namna hii?" Kisha nyamaza. Akisema hakuna, mwombe aandike sentensi hiyo hiyo kwenye faili. Wengi wakifika hapo huandika rufaa.

*Madaktari wawili wanapingana.* Waulize wote swali moja: ni kitu gani kwenye picha kingekufanya ubadili mawazo? Mara nyingi utakuta wanatofautiana juu ya jambo moja, kwa mfano kama kifundo kinaweza kukaa imara, na kipimo kimoja zaidi, kama MRI, kinaweza kulimaliza.

*Hakuna anayejibu barua.* Angalia uzito wa viambatisho. Video kubwa huifanya barua irudi au iishie kwenye taka bila wewe kujua. Tuma maneno na eksirei moja kwanza, mengine akiomba.

*Hali haina jina.* Hutokea. Tafuta kwa mfupa na dalili badala ya jina, na mpeleke kwa daktari wa jenetiki akiwa na picha zote za hatua ya 3. Matibabu ya mifupa yanaweza kuanza bila jina, vipimo vya hatua ya 2 vikishafanyika.

*Familia haikubaliani.* Kwetu bibi yake hakutaka kusikia neno "kukata", na mke wangu hakutaka kusikia neno "fremu". Tulichofanya ni kuwaomba familia mbili zitutembelee, moja ya kila njia, na watoto wao. Watoto walicheza uani saa nzima. Bibi aliuliza maswali yake moja kwa moja kwa msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye mguu bandia, akajibiwa, akaomba kuushika mguu wenyewe, akaugeuza mkononi akiangalia mikanda yake.

*Umempata bingwa, foleni ni miezi minane.* Waachie namba ili wakupigie nafasi ikitokea ghafla, na uwe na faili tayari mlangoni. Wakati huo endelea na kiatu, kifaa na mazoezi, na rudia eksirei ndefu kama ya mwisho imepita mwaka mmoja.